Hesabu za Ghala la Ngozi

Nilijifunza kupasua milinganyo ya kipeo cha tatu ndani ya ghala lililonuka ngozi za ng'ombe. Mpaka leo, nikiona herufi x iliyobebeshwa tatu ndogo begani, pua yangu hujikunja kabla akili haijaanza kazi. Wanafunzi niliowafundisha baadaye, kule Tanganyika, walidhani uso ule ni wa ukali. Haukuwa ukali. Kilikuwa kinyaa, na kinyaa kile kilikuwa na umri mkubwa kuliko wao.

Ilikuwa Gisenyi, katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala na sisi tukiuita mji wetu Kisenyi. Baba alikuwa na duka la vitambaa katika mtaa wa Waswahili, na mbele ya duka alikaa yeye mwenyewe na cherehani yake, akishona kanzu na makoti. Nilikuwa nimesoma shule ya mapadri mpaka pale walipokuwa tayari kumfikisha mtoto wa Kiislamu. Kuendelea zaidi kulitaka ubatizo. Baba hakugombana na mtu. Alinirudisha nyumbani, akanipa mkasi.

Lakini alikuwa na jambo moja lililomkera. Kila baada ya muda Wazungu wa upimaji walikuja mtaani na watu wao, wakasimamisha chombo chao barabarani, wakanyoosha mnyororo kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, wakaandika, wakaenda. Baadaye tukaambiwa ua wetu umeingia barabarani, au choo cha jirani kimejengwa juu ya kiwanja cha serikali. Hakuna aliyeweza kubisha, kwa sababu hakuna aliyejua walichoandika.

"Wanaangalia mu ile kioo, halafu wanatuambia nyumba yetu inaishia wapi," baba aliniambia siku moja, sindano ikiwa mdomoni. "Mi nataka mutu wetu moja ajue ile chombo inasema nini."

Ndiyo maana iliposikika kwamba Mzungu mmoja, mpimaji mstaafu, anafungua tena masomo ya hesabu kwa vijana wanaotaka kuwa wasaidizi wa upimaji, baba alinipeleka mwenyewe, amevaa koti lake la sikukuu. Mzungu yule hakuuliza dini yangu. Alitaka mambo mawili tu: tujue Kifaransa, na tuje tumeoga.

Hilo la kuoga nililikumbuka mara nyingi baadaye.

Ghala lenyewe lilikuwa karibu na ziwa, limejengwa kwa mawe meusi ya volkano. Kabla ya kuwa darasa lilikuwa la mfanyabiashara wa ngozi zilizoteremshwa kutoka malisho ya Mudende. Ngozi zilikuwa zimeondolewa, lakini chumvi yake na mafuta yake yalikuwa yamelowa sakafuni. Mvua ikinyesha, sakafu ilitoa jasho. Jua likiwaka, harufu ilipanda ukutani na kukaa chini ya mabati, juu ya vichwa vyetu, nzito kama blanketi lililolowa. Katika nyufa za sakafu walikuwamo wadudu weusi wanaokula nyama kavu. Walipanda kwenye viatu vyetu tukiwa tunaandika.

Mpimaji mwenyewe alikuwa mtu mkubwa, mwekundu, mwenye vidole vinene vilivyopasuka kwa chaki. Alivuta ugoro. Akishavuta alipiga chafya, na akishapiga chafya alitoa leso mfukoni akafuta pua, kisha akaitemea mate ileile leso akafutia ubao. Halafu, akiwa anatungoja tunakili, alijipangusa mdomo nayo. Ubao ulikuwa na utando wa kijivu unaong'aa, na chaki iliteleza juu yake kama konokono. Ikifika zamu yako kwenda mbele, ulitakiwa kufuta kwa leso hiyohiyo. Nilijifunza kuishika kwa kucha mbili.

Chini ya meza yake alilala mbwa mwenye upele masikioni. Saa nne mpimaji alifungua kopo la maziwa mazito, akachovya biskuti, akala, akamwachia mbwa alambe pembeni mwa kopo, akachovya tena. Nzi walitua kwa mbwa, wakatua kwenye kopo, wakatua kwenye midomo yetu. Mimi niliyekuzwa nikijua mate ya mbwa ni najisi nilikaa safu ya mbele, nikitazama biskuti ikienda na kurudi, huku nikitakiwa kusema kwa sauti, "Shusha ya kwanza, zidisha, jumlisha."

Mama hakuniruhusu kuingia ndani na shati la ghalani. Nililivua uani, nikajimwagia maji, ndipo nikapewa chakula. Alisema mtu anayesoma kwa Wazungu angalau angerudi ananuka sabuni.

Mwenzangu wa benchi alikuwa kijana wa Rubona, Mkristo, wa ukoo wa wavuvi. Alifika kwa miguu kila asubuhi, suruali imekunjwa hadi magotini, mikono yake ikinuka samaki hata akiisugua kwa ndimu. Siku za kwanza niligeuza uso. Baada ya juma moja nilipendelea harufu yake, kwa sababu ilikuwa ya kitu kilichokuwa hai asubuhi ileile. Tuliitana ndugu. Alikuwa mkimya, mwenye kuuliza maswali kwa nadra, na akiuliza hakuachia mpaka ajibiwe.

Sasa nieleze tulichofundishwa, maana bila hicho karaha yangu haitaeleweka.

Mpimaji aliandika ubaoni mlinganyo kama huu: x³ − 6x² + 11x − 6 = 0. Kazi ilikuwa kupata namba ambazo, ukiziweka mahali pa x, upande wote wa kushoto unakuwa sifuri. Alisema, anza na moja. Unaweka moja: moja, toa sita, ongeza kumi na moja, toa sita. Sifuri. Basi moja ni jibu, na mlinganyo unagawanyika kwa x − 1. Halafu unaandika zile namba nne kwenye mstari, 1, −6, 11, −6, na kuanza ule wimbo wetu: shusha ya kwanza, zidisha kwa ile moja, jumlisha na inayofuata. Zinatoka 1, −5, 6, na mwisho sifuri. Kilichobaki ni x² − 5x + 6, na hicho hata mtoto anakipasua: mbili na tatu.

Nakiri ilikuwa nzuri. Mara ya kwanza kitu kile kikubwa kilipofunguka mbele yangu, nilisahau mbwa, nilisahau leso. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba kwa chaki ya kukatia nguo juu ya meza yake, naye akatazama zile namba zikiisha kwa sifuri, akatikisa kichwa kwa furaha ingawa hakuelewa. Akawaambia wateja kwamba mwanawe anavunja hesabu za Wazungu.

Tuliendelea hivyo miezi mingi. Vipeo vya tatu, halafu vya nne. Kila mara, anza na moja. Kila mara, moja ilikubali. Tulikuwa wepesi mno. Mpimaji alikuwa hajamaliza kuandika, sisi tumeshamaliza kuimba.

Siku niliyoligundua jambo lile sikuwa nikitafuta kitu. Baba alikuwa na mteja, nami nilikaa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na ukuta wa mawe meusi, nikiandika hesabu za siku ile kwa chaki ya fundi. Nilizijumlisha namba za mstari mmoja kwa kichwa, bila sababu, kama mtu anavyohesabu vifungo. Zikatoa sifuri. Nikajumlisha za mstari wa pili. Sifuri. Nikaingia ndani, nikachukua daftari langu, nikaanza kuanzia ukurasa wa mwanzo.

Zote zilitoa sifuri. Na bila shaka zingetoa, kwa sababu kuweka moja mahali pa x ni sawa na kuzijumlisha tu zile namba. Maana yake ni kwamba mpimaji alikuwa akizitengeneza zote kwa makusudi ili moja ikubali. Hatukuwa tumefungua milango mingi. Tulikuwa tumefungua mmoja, kila siku, kwa ufunguo ulioachwa tunduni.

Nilihisi kama mtu aliyekuwa akila chakula gizani, kisha taa ikawashwa.

Kesho yake nilimwambia ndugu yangu wa Rubona. Hakuamini. Alichukua daftari lake akakaa nalo kando ya ziwa wakati wa mapumziko, akijumlisha huku midomo ikicheza. Aliporudi alilifunga daftari. Akaniuliza ingekuwaje kama tungebadilisha namba moja tu. Tukauchukua ule mlinganyo wa kwanza, tukaifuta sita ya mwisho, tukaandika tano.

Moja ikakataa. Ilitoa moja badala ya sifuri. Mbili ikatoa moja. Tatu ikatoa moja. Tukaweka sifuri mahali pa x, ikatoa hasi tano. Ndugu yangu akatazama zile namba muda mrefu, akasema kwa sifuri iko chini ya maji, kwa moja iko juu ya maji, basi lazima imepita usawa wa maji mahali fulani katikati. Tukajaribu nusu: bado chini. Tukajaribu sehemu saba za kumi: juu kidogo. Sehemu sita za kumi: chini. Jibu lilikuwapo, hai, limejibana kati ya sita na saba, na hatukuwa na njia ya kulitoa zaidi ya kuendelea kulibana.

Tulifurahi kama watu wenye wazimu. Tukadhani mpimaji naye atafurahi.

Tulimngoja amalize biskuti zake. Mimi ndiye niliyeandika mlinganyo ubaoni, na ndugu yangu ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa Kifaransa kizuri, kwa heshima, mikono nyuma: kama hakuna namba nzima inayokubali, tufanyeje? Je, kuna kanuni?

Mpimaji alitazama ubao, akatutazama sisi. Hakukasirika. Alijibu kwa Kiswahili, kile Kiswahili chao cha kuwaamrisha watumishi, ingawa aliulizwa kwa lugha yake mwenyewe.

"Kanuni iko," alisema. "Lakini ile hapana ya nyinyi. Nyinyi mutashika munyororo. Moja inatosha."

Akaitemea mate leso yake, akaufuta mlinganyo wetu.

Ndugu yangu alirudi kwenye benchi. Nilimsikia akipumua kwa pua. Mimi niliutazama ubao uliolowa mate na kwa mara ya kwanza niliona kwamba leso ile haikunichukiza kwa sababu ya uchafu peke yake. Alikuwa akitufuta sisi nayo.

Tungeweza kuacha siku ileile. Hatukuacha, kwa sababu ndugu yangu alisema mtihani wa upimaji unakuja, na wanaoutunga hawatatengeneza hesabu za kutubembeleza. Basi tujifundishe wenyewe. Tulikutana nyuma ya nyumba yetu baada ya masomo, kwenye ule ukuta mweusi, na mama akatuletea chai bila kutukaribia.

Njia tuliyoipata ilikuwa ya kurudi kinyumenyume. Badala ya kufungua mlinganyo, tuliufunga. Tulichagua majibu matatu, tukaandika mabano matatu, tukayazidisha mpaka yakawa mstari mmoja. Tulifanya hivyo tena na tena, chaki ikiisha tunaiba nyingine mezani kwa baba, hadi ukuta ukawa mweupe. Kidogo kidogo tukaona kwamba namba ya mwisho hutokana na kuzidisha majibu yote pamoja. Basi ukipewa mlinganyo na mwisho wake ni sita, na majibu yake ni namba nzima, huna haja ya kujaribu namba zote za dunia. Jaribu zinazoigawanya sita: moja, mbili, tatu, sita, na zilezile zikiwa hasi. Na kama mwanzoni pana mbili, huenda nusu nayo imejificha humo.

Sikuwa nimejua furaha ya namna ile. Ilikuwa safi. Hakuna aliyetupatia, hakuna aliyeilamba kabla yetu.

Kisha ikaja siku ya wageni.

Mpimaji alikuwa na desturi ya kualika Wazungu wa mji alasiri moja kila mwaka waje kuona kazi yake. Tuliambiwa tufagie ghala, tumwage dawa ya kuua wadudu, na tuvae nyeupe. Dawa haikuondoa harufu ya ngozi. Iliikalia juu tu, na zote mbili zikawa kitu cha tatu kinachokwaruza koo. Wageni walifika na viti vyao vya kukunja: maofisa na wake zao, mkulima wa kahawa mwenye shingo nene, bibi mmoja aliyeziba pua kwa glavu tangu mlangoni. Walipewa vinywaji. Mbwa alipita katikati yao akipewa vipande vya biskuti.

Sisi tulisimama ukutani. Mpimaji aliwaeleza kwamba vijana hawa, ambao baba zao hawajui hata kuhesabu mbuzi wao, wanavunja milinganyo ya kipeo cha tatu kwa kichwa. Baba yangu alikuwa akiendesha duka kabla Mzungu huyu hajafika Gisenyi. Niliyameza maneno hayo na mate yangu.

Walioitwa mwanzo waliimba kama kawaida. Moja, shusha, zidisha, jumlisha. Wageni walipiga makofi. Mkulima aliuliza kama wanaweza pia kufanya kinyumenyume, na wote wakacheka. Halafu akaitwa ndugu yangu. Mpimaji alimwandikia x³ − 7x + 6 = 0, kisha akageuka kumimina kinywaji.

Ndugu yangu aliuangalia mlinganyo ule. Akachukua ile leso, akaufuta wote, akaandika wake: 2x³ − 3x² − 11x + 6 = 0.

Nilijumlisha harakaharaka: hasi sita. Moja ilikuwa haikubali.

Alifanya kazi bila haraka, akieleza kila hatua kwa Kifaransa. Alisema moja inakataa, na akaonyesha kwa nini. Alisema tutazame namba ya mwisho, kwa sababu imezaliwa na majibu. Akajaribu mbili, ikakataa. Akajaribu tatu: hamsini na nne, toa ishirini na saba, toa thelathini na tatu, ongeza sita. Sifuri. Akashusha, akazidisha, akajumlisha, akabaki na 2x² + 3x − 2, akaipasua: nusu, na hasi mbili. Akapiga mstari chini ya majibu yake matatu, akageuka kutazama watu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Wakapiga makofi. Yaleyale, ya urefu uleule, kama waliyowapigia wenzake waliomtangulia. Hakuna aliyenyanyua nyusi. Hakuna aliyeona kwamba wale wengine waliimba na huyu alifikiri. Mke wa ofisa mmoja aliinuka, akafungua kikopo cha peremende, akachukua moja kwa vidole vyake, akamwambia ndugu yangu afungue mdomo.

Alikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu. Alikuwa akivuta nyavu na baba yake tangu akiwa na nguvu za kusimama mtumbwini. Alifungua mdomo. Yule mke wa ofisa akaweka peremende juu ya ulimi wake, akajifuta vidole kwenye sketi. Kisha akainama akampa mbwa nyingine.

Ndugu yangu alirudi ukutani akiwa ameifunga midomo. Hakutafuna, hakumeza. Alisimama hivyo mpaka wageni walipoondoka, na maji ya sukari yakimchuruzika pembeni mwa mdomo kwa sababu hakutaka kuyameza. Nje, nyuma ya ghala, aliitema. Akaendelea kutema hata pasipokuwa na kitu mdomoni. Mimi nilimshika bega, na harufu ya dawa na ngozi na peremende ikanipanda, nikatapika karibu yake.

Mpimaji alitukuta pale. Alikuwa mwekundu zaidi, mwenye furaha. Alimpiga ndugu yangu begani, akasema vizuri, vizuri sana, kila mtu amependezwa. Niliona wazi kwamba alikuwa hajatazama ubao. Jibu lile, lenye nusu yake na hasi mbili yake, lilikuwa bado limeandikwa mle ndani, na yeye angelifuta baadaye bila kulisoma.

"Hakuona," ndugu yangu alisema mpimaji alipokwenda. "Mi nilifikiri atanifukuza. Hakuona hata."

Nilimwambia mtihani utaona.

Mtihani ulifanyika juma lililofuata, katika uwanja wa ofisi ya upimaji, si chini ya dari. Nilikuwa nimechonga kalamu. Baba alikuwa amenishonea shati jipya, na alisimama nje ya ua na wazazi wengine, akiwa na koti lake la sikukuu. Ofisa kijana alitupanga mstari. Alitutazama miguu. Alitwambia tukunje mikono tuonyeshe misuli. Kisha tukapewa mnyororo wa chuma, wawili wawili, tukimbie nao hadi kwenye bendera na kurudi bila kuuacha uguse matope. Ndiyo mtihani wote. Kalamu ilibaki mfukoni mwangu.

Nilipomaliza kukimbia nilimwuliza ofisa, kwa Kifaransa, hesabu ni saa ngapi. Alishangaa kweli. Alisema hakuna hesabu, kazi ni ya kubeba mnyororo na kufyeka njia, na kwamba yule mzee amekuwa akiwaletea vijana kila mwaka kwa sababu wanafika wakiwa watiifu. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayesifu nyumbu wa mizigo.

Nilichaguliwa. Ndugu yangu naye alichaguliwa. Baba aliona majina yetu yakiitwa, akainua mikono kushukuru Mungu, na sikujua nitaitoaje habari ile mdomoni. Nilimwambia njiani, tukipita chini ya miti ya barabara ya ziwa. Alisimama. Alilishika shati langu jipya begani, mahali ambapo mnyororo ulikuwa umeacha kutu, akalisugua kwa kidole gumba.

"Donc, kumbe ile chombo hautaiangalia," alisema.

"Hapana, baba. Wengine ndio wanaangalia."

"Basi usiende."

Kesho yake nilipita ghalani kumwambia mpimaji kwamba sichukui kazi. Nilijipangia maneno mengi. Nilimkuta mezani na kopo lake, mbwa akilamba pembeni. Nilimwuliza kwa nini alitufundisha yale yote kama tangu mwanzo alijua hatutayahitaji. Alifikiri kidogo, akilamba kijiko.

"Mutu iko peke yake hapa," alisema. "Jioni iko ndefu. Nilipenda kusikia nyinyi munaimba."

Akanisogezea kopo. Alinikaribisha, kweli. Labda kwa akili yake huo ulikuwa ukarimu. Nilitazama ukingo ule uliong'aa kwa mate ya wote wawili. Nilimhurumia kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, kisha kinyaa kikarudi kimejaa, kwa sababu huruma yenyewe ilinuka. Nilitoka bila kuaga.

Ndugu yangu alichukua kazi. Mtumbwi wa baba yake ulikuwa umeoza, na nyumbani kulikuwa na wadogo wengi. Sikumlaumu na simlaumu. Nilimwona mara moja kabla sijaondoka Gisenyi, nikiwa nimepanda hadi Kanama kupeleka nguo za harusi. Walikuwa wakipima kilima kilichopandwa maharage, na wakulima walisimama kando wakiangalia mnyororo ukilaza mimea yao. Alikuwa amekonda, viganja vyake vimechanika. Alifurahi kuniona. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba, akala nusu ya mkate wangu.

Nilimwambia nakwenda Tanganyika kwa mjomba wangu, kuna shule ya Waislamu inayohitaji mtu wa hesabu, na kwamba nimepata kitabu chenye zile kanuni tulizonyimwa, za vipeo vya tatu na vya nne. Nilidhani atataka kukiona. Nilikuwa nacho kwenye kifurushi.

Alitafuna polepole. Aliuliza kama ule mlinganyo wetu, wenye tano mwishoni, una kanuni yake humo. Nikasema unayo, lakini ni ndefu, yenye mizizi ndani ya mizizi, na ukimaliza unapata kitu kilekile kati ya sehemu sita na saba za kumi. Akaniomba nimwonyeshe. Nilifungua ukurasa, naye akainama juu yake bila kukigusa kitabu, kwa sababu ya matope ya mikononi. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimwona akianza kuingia ndani ya hesabu ile.

Kule juu ofisa alipiga filimbi.

Ndugu yangu alinyoosha mgongo, akatazama upande wa filimbi kwa uso ambao nilikuwa nimeuona ukutani mwa ghala, siku ya peremende. Akatema mate chini. "Subiri," alisema, nami sikujua kama alikuwa akiniambia mimi au yule aliyepiga filimbi. Akasoma mstari wa nne. Filimbi ikalia tena. Akasoma mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akasimama, akapangusa viganja kwenye suruali, akapanda taratibu kwenda kuuokota mnyororo.